Ng'ombe wa Mama na Tumbo la Mama

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa la aibu: kwa nini mama alimwambia bwana mifugo yale asiyoniambia mimi?

Nilikuwa nimehitimu utabibu na kupangiwa zahanati ya Mbuji, nyumbani kabisa. Bwana mifugo alikuwa wa rika langu, naye katoka chuoni juzi juzi tu, lakini serikali ya Mwingereza ilimpa Landrova. Mimi nilipewa baiskeli. Akipita yeye, watu waliacha majembe kwenye ngolo, yale mashimo tunayolima milimani, wakamkimbilia. Nikipita mimi, walinisalimu.

Siku moja wiki ile ng'ombe wa mama aliharisha, na majirani wakajaa uani.

"Kinyesi chake kikoje, mama?" bwana mifugo aliuliza.

"Kama togwa iliyochacha, baba. Asubuhi kijani, jioni kina utelezi. Harufu yake ndiyo usiniulize!"

"Mbona umeshanijibu!"

Watu wakaangua kicheko. Mama naye alicheka, kisha akainama na kujishika tumbo.

Tumbo hilo lilimsumbua tangu mavuno, na khanga zilikuwa zimeanza kumpwaya. Kila nilipomuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Tumbo tu, mwanangu." Nami nilimmiminia dawa nyeupe ya maji, ile ninayompa kila mtu. Gari la mwenzangu ningelisamehe. Wivu wangu ulikuwa juu ya majibu. Yeye alipewa yote, rangi na harufu, ndipo achague dawa. Mimi nilikuwa nabahatisha kwa mama yangu mzazi.

"Ungekuwa ng'ombe, mama, ningekwisha kukuponya," nilimwambia walipoondoka.

"Ng'ombe haoni haya kwa mwanawe," alijibu, akageukia mafiga.

Kwetu mwana wa kiume haulizi habari za choo cha mama yake. Nililijua hilo tangu utotoni, na bado nililigeuza na kuligeuza. Nimtume shangazi? Je, akipunguza maneno? Mgeni angeulizia vizuri zaidi, ila hospitali ya misheni ilikuwa mbali, na mama asingeweza kukaa juu ya baiskeli. Na watu wangesema tabibu kashindwa na mamaye. Gari lilikuwa moja tu. Nilijua la nani.

Mwishowe nilimfuata bwana mifugo kwenye josho.

"Kesho unapita misheni. Nakuomba umchukue mama."

"Ehe! Tabibu ananiletea mgonjwa!" Alicheka, kisha akaniona usoni na kuacha mzaha. "Mama atakaa mbele. Wewe panda nyuma na madebe ya dawa ya kupe."

Nilipanda nyuma, nikinuka dawa ya kupe hadi misheni. Huko sista mmoja alimkalisha mama na kumuuliza choo chake kikoje. Mama alinitazama.

Nikatoka nje na kuufunga mlango.