Waya Wenye Mdomo Wazi

Nilipomaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani Kitale bila kazi, jamaa zangu waliamua kwamba mimi ni mtaalamu wa kompyuta. Nilikuwa nimesomea sosholojia. Kwao digrii ni digrii, na mwenye digrii asiyeweza kutengeneza kompyuta amekula karo bure. Basi nikajifunza kwa kufungua mashine za watu na kuuliza "kwa nini" mpaka wenyewe wakachoka.

Ndiyo maana Ijumaa moja shangazi yangu, aliyeolewa Bungoma, alinipigia simu. Alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na soko. Kompyuta zake tatu, zilizounganishwa kwa waya, zilikuwa zimeacha kuonana.

"Zimekosana?" nikamuuliza.

"Usinichekeshe. Niko na bibi harusi hapa, karibu alie. Kuja haraka."

Nilipofika, bibi harusi alikuwa ameshamaliza kulia na kuingia hasira. Alikuwa mwalimu wa chekechea, kitambaa kimefunika nywele alizosukwa jana yake, na harusi ilikuwa kesho yake, huko Kabuchai. Programu za kanisani, zile karatasi za ratiba ya ibada, zilikuwa tayari kwenye kompyuta ya mbele, penye printa. Kilichokosekana ni picha ya jalada: mama yake, aliyefariki yeye akiwa mdogo. Picha ilikuwa moja tu duniani. Nyanya yake aliiruhusu itoke nyumbani asubuhi ile, ikaskaniwa kwenye kompyuta ya nyuma, na kaka mtu akairudisha mbio kama aliyebeba yai.

"Nataka mama akae mbele," aliniambia. "Watu wa upande wa bwana hawajawahi kumwona. Kama hayuko, hizo karatasi mbaki nazo."

Sehemu ya disketi ya kompyuta ya nyuma ilikuwa imekufa. CD ya kuwekea printa kwenye mashine nyingine ilipotea zamani. Na flash disk, miaka ile, mwenye nayo aliivaa shingoni kama msalaba. Tuliyemjua alikuwa ameenda nayo Eldoret. Ilibaki waya.

Nikaanza. Kila kompyuta ina namba yake. Nikahakikisha hakuna mbili zenye namba moja. Nikazima ulinzi unaokataza wageni. Nikaita kompyuta ya nyuma kutoka ya mbele. Kimya. Nikaita ya katikati. Kimya vilevile. Kwenye kisanduku kidogo kinachoziunganisha, swichi, taa za kijani zilimetameta kama disko matanga, zile ngoma za usiku wa msiba. Nikafikiri, angalau hiki kizima.

"Anti, nini kimebadilika tangu jana?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Wewe msichana, unaniuliza kama polisi. Hakuna. Mvua ilinyesha, ikaisha."

Saa nane ikapita. Huko upande wa mlima Elgon mawingu yakaanza kujipanga, na hapo nikakumbuka sheria ya shangazi. Ngurumo ya kwanza ikisikika, kila kitu kinachomolewa ukutani, na kila waya unatolewa kwenye kompyuta. Mimi niliwahi kumwuliza ameona wapi radi ikiingia kupitia waya wa kompyuta. Alinijibu kwamba radi hainaga haja ya kuonwa.

Ikanguruma. Shangazi akaenda nyuma ya meza, akavaa viatu vyake vya mpira, akaanza kazi.

"Mama, tafadhali!" bibi harusi akasema. "Ukizima umeme si basi?"

"Kuolewa utaolewa bila jalada. Ukipigwa na radi, nitawaambia nini wakwe zako?"

Alichomoa waya wa kompyuta ya mbele. Wa katikati. Wa nyuma. Mkono wake ulikuwa umeenda kwa plagi ya swichi nilipopiga kelele, "Ngoja!"

Taa bado zilikuwa zinameta kwa fujo ileile. Hakuna kompyuta hata moja iliyounganishwa.

"Sasa hii inaongea na nani?" nikauliza.

Nikapiga magoti. Kulikuwa na waya wa nne. Ulitoka kwenye swichi, ukazunguka mguu wa meza, ukarudi kwenye swichi. Ncha zote mbili mle mle. Swichi ilikuwa inajisemesha yenyewe, inajibu, inajijibu tena, hadi hakuna mwingine aliyepata nafasi ya kusema neno.

"Anti, huu ni wa nani?"

"Wa ile kompyuta iliyopelekwa kwa fundi Jumatatu."

"Na nani ameurudisha hapa?"

"Mimi, jana, mvua ikianza. Waya usio na mwenyewe hauachwi mdomo wazi, radi hutokea hapo. Nikaufunga."

"Si nilikuuliza nini kimebadilika?"

"Kwani kufunga ni kubadilisha?"

Nikauchomoa ncha moja.

"Turudishe tatu hizi, dakika chache tu."

"Na hiyo ncha inayoning'inia?"

Ningeweza kumpa hotuba. Nilimtazama bibi harusi, nikaomba karatasi ya nailoni na raba ya kufungia, nikaifunga ile ncha mara tatu. Sikuamini hata kidogo, lakini niliifunga vizuri. Shangazi akaikagua, akakubali, akasimama na viatu vyake vya mpira, mkono juu ya plagi ya ukuta.

Nikarudisha nyaya zile tatu, nikaita kompyuta ya nyuma. Ikajibu mara moja, bila aibu. Picha ikavuka, nikaipanga kwenye jalada, printa ikaanza kukoroma. Zilitoka nywele kwanza, kisha paji la uso, kisha macho.

Ngurumo ikapasuka juu ya mabati. Mimi niliruka. Shangazi hakuchomoa.

"Msivute karatasi," bibi harusi akasema kwa sauti ndogo. "Wacha atoke mwenyewe."

Tukasubiri hadi kidevu. Shangazi akainamia ile karatasi, akamtazama binti, akamtazama mama.

"Ni wewe mtupu," akasema. Kisha akanigeukia. "Unangoja nini? Chapa zingine."