Nilipeleka Posa ya Joka kwa Akina Mpenzi Wangu

Nilikosa, jamani. Nimejaribu kumlaumu Joka, nikamlaumu mwalimu, siku moja nikalaumu hata herufi R. Lakini aliyefungua mdomo ni mimi. Jina langu msiliandike, tafadhali, maana vijana kutoka Misikhu mpaka Sirisia bado wananitafuta.

Nyinyi mliokaa Kitale miaka ile mnajua vile mambo ilikuwa. Joka alikuwa analala kwa pango huko juu Mlima Elgon, na godoro yake ilikuwa ni shilingi. Si noti, noti zinaungua. Sarafu! Alisema zinampoza tumbo. Kila mavuno tulimpandishia magunia ya sarafu ndio asipige chafya karibu na mahindi. Zikipanda, hazikuwa zinashuka tena. Tangu azaliwe, huyo mnyama hakuwa amewahi kununua hata kiberiti.

Ndio maana huku chini hakukuwa na chenji. Unanunua mkate, unarudishiwa peremende. Hata kanisani watu walitoa sadaka ya peremende, mpaka pasta akaanza kuumwa na meno. Na Joka akijigeuza usingizini, zile sarafu zinalia, wafanyabiashara wa mahindi wanapandisha bei ya gunia, ati leo amelalia upande mbaya. Huo ndio uchumi tuliishi nao, bana, na hakuna mtu alishangaa.

Mimi nilikuwa mdomo wake. Kwetu ni watu wa Central waliokuja kulima Kitale zamani, lakini nimekua na watu wa Bungoma na masikio yangu imezoea. Joka alikuwa anaongea kama mzee wa huko kabisa, kila L yake ni R. Aliniita Urimi, yaani Ulimi. Akisema "rete", mimi nawaambia watu "lete". Akisema "nimerara", ni "nimelala". Kuna siku alishuka soko ya Misikhu akanguruma, "Nataka kura!" Watu wakapanga laini wampigie kura awe diwani. Ni mimi nilieleza kwamba anataka kula. Hiyo soko ilifungwa ndani ya dakika moja.

Kwa hivyo kazi niliijua. Hiyo ndio inaniuma.

Sasa, Nafula. Nafula ni binti ya mwalimu mmoja mstaafu wa Bokoli, na tulikuwa tumependana miaka mitatu. Simu zilikuwa zimeanza kushika mtandao huko, na kila Jumapili alikuwa ananiflashi ndio nimpigie. Swali lilikuwa moja tu. "Utakuja lini nyumbani uongee na baba?"

Nikasema mwezi ujao. Nikasema wacha mvua iishe. Nikasema wacha tuvune. Mwaka mmoja nilisingizia viatu! Ukweli ni kwamba niliogopa mahari. Neno lenyewe likitajwa nilikuwa nasikia jasho kwa mgongo. Nilikuwa nakula na hilo neno na kulala nalo.

Siku hiyo Joka akaniita. Yeye haongei mingi, maana akiongea mingi anachoma nyasi.

"Urimi. Nenda Bokori, kwa mwarimu. Huku nimechoka kurara. Nimeiona nikipita juu. Nzuri. Kubwa. Imeturia. Mwurize mahari ni ngapi."

Ngai! Herufi zote nilikuwa nageuza, hiyo moja nikaiacha vile ilikuwa. Nzuri, ni Nafula. Kubwa, sasa Nafula si mdogo, tuseme ukweli. Imetulia, kabisa. Na nyinyi mnajua Kiswahili chetu, hata mtu tunasema "iko nzuri".

Ningesema, "Joka, huyo ni wangu." Maneno manne. Sikusema.

Niliuliza, "Na mimi je?"

Akasema, "Debe moja ra shiringi."

Na hapa ndipo ninaomba msinicheke. Nikiteremka ule mlima nilifikiria hivi: nikipata hiyo debe, nitakuwa na pesa ya kumposa Nafula. Aki nilifikiria hivyo! Nimpeleke Nafula kwa Joka, nilipwe, halafu nimwoe Nafula. Nilitembea na hiyo akili mpaka Bokoli bila kuona mahali imetoboka.

Sikuwa nimewahi kuingia kwao. Kumbe mtu alikuwa ameniona stendi akakimbia kuwaambia ninakuja. Nilipata uwanja umefagiwa. Nafula amevaa ile nguo ya bluu ya kanisa. Mama yake alikuwa amechinja kuku, na akanipatia mimi firigisi, kwa mikono miwili. Watu wa Bungoma mnajua firigisi si ya kila mgeni, ni ya mkwe. Nikaila! Nafula alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni akijaribu kuficha kicheko cha furaha.

Mwalimu akasafisha koo. "Karibu, kijana. Tumekungoja sana. Sema."

Nikasimama. Nikasema, "Mzee, nimetumwa na Joka. Anauliza mahari ni ngapi."

Mama alishika meza. Nafula aliniangalia, halafu akaingia ndani na kufunga mlango polepole. Heri angeupiga.

Mwalimu ni mtu mwerevu. Akafikiria, nikimkataa ataniunguzia nyumba. Na huyu ni bahili, hajawahi kutoa hata shilingi. Wacha nimtajie bei ya kumfukuza. Akasema, "Mwambie ng'ombe mia tano. Na hatutaki ng'ombe wenyewe. Alete pesa yao, yote, siku moja."

Nikampelekea Joka nikiwa nimeanza kufurahi, ati sasa atakataa. Joka akakuna shingo. "Ni ghari," akasema. "Rakini sawa."

Alikuja Ijumaa. Alienda na kurudi mara sita, akimwaga sarafu kwa shamba la mahindi la mwalimu mpaka mahindi haionekani. Bokoli yote ilikuwa kwa ua. Akina mama walikuwa wanalia. Mwalimu alikuwa ametoa jasho mpaka koti imelowa, maana neno lake mwenyewe limemfunga. Na Nafula akatoka nje na begi, uso umekauka, akasema, "Twende basi, asichome watu."

Joka akamwambia, "Samahani, dada, sogea kidogo." Akampita. Akapita jikoni, akapita choo, akafika kwa yale mawe makubwa nyuma ya boma, akaingiza kichwa kwa shimo iliyokuwa hapo. Tukasikia sauti kutoka ndani.

"Mahari ndiyo hii! Baridi safi!"



Kumbe ndovu wa mlimani walikuwa wamelamba chumvi ya kuta za pango lake mpaka likaanza kumwangukia. Alikuwa anatafuta mahali. MAHALI! Mahali pa kulala!

Mwalimu akakaa chini kwa sarafu, akashika kichwa. "Ngeli!" akalia. "Angesema 'pazuri' ningejua! Angesema 'pakubwa'! Miaka thelathini nimewaambia hawa watu, ngeli!"

Watu walicheka mpaka wengine wakalala kwa nyasi. Hata mimi nilicheka, mjinga mimi, nikaenda kwa Nafula nikiwa nimefungua mikono. "Umeona, mpenzi? Hakuwa anakutaka! Ilikuwa makosa tu!"

Hakucheka. Aliweka begi chini.

"Joka hakuwa ananitaka," akasema, "na bado aliuliza bei, akalipa. Wewe umesema unanitaka miaka mitatu. Uliwahi kuuliza?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Sasa wewe ukaja kwetu, ukala firigisi ya mama yangu, ukamwulizia mtu mwingine bei yangu. Unalipwa ngapi?"

"Debe moja," nikasema.

"Moja!" Hapo ndipo alilia. Nilitaka ardhi inimeze na hiyo debe yangu.

Basi, mengine mnayajua. Zile shilingi zikatembea. Watu wa Bokoli walikuwa matajiri kwa siku nne, na siku ya tano mandazi moja ilikuwa shilingi mia. Na kila baba mwenye binti akasikia mahari ya Bokoli ni ng'ombe mia tano. Niliwaambia Joka alitaka mahali pa kulala tu! Hawakutaka kujua. Bei ikakwama huko juu, na kuna wanaume wazima Sirisia hawajaoa mpaka leo, wanasuka vikapu wakingoja ishuke. Wakiniona wanaokota mawe.

Joka alinifuta kazi, na hana makosa. Alimchukua Nafula awe mdomo wake. Huyo amezaliwa na hiyo R masikioni, hahitaji kugeuza chochote. Na Nafula ana kichwa. Alimwonyesha Joka kwamba sarafu zikilaliwa sana zinapata moto, kwa hivyo ni vizuri atoe zile za moto, arudishiwe za baridi. Siku hizi amefungua kibanda Kitale, anawauzia wenye maduka chenji. Peremende zimeisha. Pasta amepona meno.

Mimi nina duka sasa, nilifungua na ile debe, maana Joka alinilipa hata hivyo. Duka linahitaji chenji. Kwa hivyo naenda pale kwa kibanda, napanga laini na wengine. Nimeenda mara nyingi kuliko ninavyohitaji. Nikiwa nyuma kwa laini ninapanga maneno. Nitamwambia nisamehe. Nitamwambia hata kama ni ng'ombe mia tano, nitaanza na mmoja.

Nafika mbele. Nafula anainua macho. "Ndiyo, kastoma?"

"Chenji ya mia mbili," nasema.

Woi! Wewe unayesoma hii na kuna mtu unampenda, usimtume mtu, usitumwe na mtu, usingoje mvua iishe. Nenda kwao na mdomo wako. Na ukifika mbele, haki ya Mungu, sema!