Bonde la Mbigili

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka hata leo miguu yangu haitulii. Ilikuwa miaka ya sabini, hapa hapa Kinna. Ukame ulikuwa umetumalizia ng'ombe. Mvua ikanyesha kidogo, kisha jua likarudi kali. Mama alikuwa amejifungua na maziwa yake yamekauka, mtoto analia mpaka sauti imekwisha. Tulibaki na mbuzi wachache tu. Wasiposhiba, tungemzika mtoto.

Adhuhuri nikaona bonde la kijani nyuma ya boma, nikakimbilia zizi. Akko, ndivyo tulivyomwita bibi, akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Unaenda wapi?"

"Majani, Akko! Kwani huyaoni?"

"Nayaona. Maua yake umeyaona?"

"Hayana maua."

"Basi ngoja asubuhi."

Wee! Ningoje, na mtoto anakufa? Nilizunguka boma nikibwata maneno ambayo bibi haambiwi. Majirani wakapita na mbuzi wao kuelekea bondeni, nikazidi kuchemka. Akko akasema tu, "Kelele zako hazikamuliki."

Asubuhi akanishika mkono tukaenda. Bonde lote limegeuka njano! Akanichutamisha: ua dogo la petali tano, shina linalotambaa, na vitunda vya miiba chini ya majani.

"Mbigili," akasema. "Ua lake hufunguka asubuhi, jua likikaza linajifunga. Ikiwa mbichi haina neno. Ikinyauka hivi, inawavimbisha mbuzi vichwa."

Nikashika majani. Yalikuwa yamelegea kweli.

Tukapeleka mbuzi ng'ambo ya laga, ule mto wa mchanga, kwenye migunga iliyochipua. Jioni tukakamua kikombe kimoja, mtoto akanywa. Siku zilizofuata mbuzi wa majirani walivimba masikio na midomo, wakashindwa kula. Nililia kwa kuwahurumia, na kwa kumwogopa Akko pia.

Yule mtoto ndiye mjomba wako Guyo, huyo anayekugombeza kila siku.

Sasa nakuona, mvua ya juzi tu na umeshaacha chai yako ipoe, unakimbilia zizi. Hebu kaa! Maua ya njano yako ya aina nyingi. Nenda asubuhi hii, maua yakiwa bado wazi, chutama, geuza jani, lishike kwa mkono wako. Ukishalijua, fungua zizi.

Haya, nenda. Mwenyezi Mungu akupe macho ya Akko, na jioni mbuzi wako warudi wote, wameshiba.