Kunguru wa Bi Kanta

Samli ikimiminwa juu ya makaa hutoa harufu tamu inayokaribia kuungua, na harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ikipanda ngazi kunifuata chumbani kila Septemba, katika nyumba ya Harrow tuliyokuwa tukiishi. Sisi tulipanga juu, baba, mama na mimi, Wazanzibari tuliofika London mwanzoni mwa miaka ya tisini. Chini aliishi mwenye nyumba, Bi Kanta, mjane wa Kihindu aliyezaliwa Unguja na kuondoka baada ya mapinduzi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mji Mkongwe kuliko changu. Mama alifanya kazi ya kutunza wazee, zamu zake hazikuwa na mpangilio, kwa hiyo mchana nililelewa na Bi Kanta. Mama alimpenda kwa dhati, ila alinionya jambo moja: chakula anachowawekea wafu wake nisikiguse. Mambo yao waachie wenyewe, aliniambia.

Kila mwaka, katika wiki mbili za mwezi kupungua, Bi Kanta aliwalisha jamaa zake waliokufa, kila mmoja kwa siku yake. Alipika wali wa maziwa wenye iliki na zafarani, akakaanga vimkate vya puri, akatia samli kidogo motoni, kisha adhuhuri akaweka sahani juu ya paa la kibanda cha bustanini na kuwaita kunguru. Kunguru ndiye anayepokea kwa niaba ya wafu. Akila, marehemu ametulia huko aliko. Akikataa, marehemu ana lake moyoni ambalo walio hai hawajamtimizia. Nilikuwa na miaka tisa niliposikia hayo, na mwili ulinisisimka, kwa sababu marehemu mwenyewe nilimjua.

Mume wake, Mzee Jayanti, nilimkuta hai kwa miezi michache. Alikuwa mtu mpole aliyeburuta mguu wa kushoto, na hatua zake nilizisikia hata nikiwa kitandani: mmoja unakanyaga, mwingine unafagia zulia. Kabla ya kufa aliomba majivu yake yamwagwe katika bahari ya Unguja. Wanawe wawili, watu wa ofisini wasio na muda, waliyapeleka India katika mto Ganga kama wafanyavyo wenzao, na Bi Kanta hakufungua mdomo kuwazuia. Kuanzia hapo hakuwa na raha. Je, mumewe ametulia kule mtoni, au bado anaitafuta Unguja? Na yeye siku yake ikifika, amfuate wapi? Hilo tu ndilo alilotaka kulijua, na wa kumjibu alikuwa kunguru.

Nilikuwa mtoto wa maswali, sikwambii. Nilimkalisha jikoni nikamuuliza mambo haya yametoka wapi. Akikanda unga, alinieleza kwamba zamani za kale watu wao hawakuwa na mahekalu wala sanamu, walikuwa na moto tu. Walichotaka kuwapa miungu na wafu walikitia motoni, moshi ukakifikisha. Baadaye wakatokea waliochoshwa na moshi, wakaingia msituni kujiuliza ni nini hasa ndani ya mtu kinachokufa na kuzaliwa tena. Wengine wakakataa katakata kumchinja mnyama kwa ajili ya mungu yeyote. Kisha miungu ikapata nyuso, ikajengewa nyumba, na wakaja waimbaji waliomwita Mungu kwa lugha ya sokoni, hata mfua nguo akaelewa. Nikamwuliza, kama mtu huzaliwa upya, huyu anayekuja kula ni nani? Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema dini yao ni kama sebule yake: kila anayehamia analeta kabati lake, na hakuna anayetupa la zamani. Kuwalisha wafu ndilo kabati la zamani kuliko yote, limo ndani na hakuna awezaye kulisogeza.

Mwaka huo siku ya Mzee Jayanti ilipofika, kunguru hakutokea. Bi Kanta alijitia kufanya mzaha kwamba kunguru wa Kiingereza hawajui kazi, si kama wale wa Unguja wenye shingo za kijivu, ambao walikuja kwa meli kutoka India kama babu zake. Lakini jioni hiyo hakula. Kuanzia kesho yake kunguru mmoja mkubwa, mweusi tii, alianza kukaa kwenye dohani la jirani. Hakulia. Aligeuza kichwa upande na kuikodolea macho nyumba yetu, na nilipofunga pazia nikahisi bado ananiona. Ilibaki siku moja, ya mwisho wa mwezi, siku ya wafu wote ambao siku zao zimepita au zimesahauliwa.

Ilikuwa Jumamosi, mawingu yameshuka mpaka juu ya mapaa, hakuna hata jani linalotikisika. Bi Kanta aliweka sahani, akaita, akasubiri. Simu ikalia ndani. Akaniambia, "Zuhura, niangalizie. Akila uniite." Akaingia. Nami nikabaki peke yangu kwenye majani mabichi, na kunguru akashuka. Hakutua kwenye sahani. Alitua mwisho wa paa akaja kwa miguu, na wallahi nawaambia alikuwa akichechemea. Mguu wa kulia ulikanyaga, wa kushoto ukafagia lami ya paa. Niliusikia mfagio ule. Akafika kwenye wali, akainamisha mdomo, halafu akaniangalia.

Nyumbani kwetu mtoto hufunzwa mapema: kunguru akikaribia chakula, piga makofi. Bibi yangu alinifunza uani kwake kabla sijajua kusoma, maana kunguru wa Unguja ni wezi wasio na haya. Mikono yangu ilikwenda yenyewe. Nikapiga makofi mara mbili, nikapiga na ukelele, na kunguru akapaa hadi dohani. Bi Kanta alipotoka aliniuliza kama amekuja. Nikamjibu, "Amekuja. Hakula." Sikusema uongo hata kidogo, na ndiyo maana jibu lile bado linaniuma. Alisimama pale mpaka mvua ikaanza kuujaza wali maji. Kunguru alikuwa juu yetu muda wote, anatazama, wala hakushuka tena.

Jumatatu aliwaita wanawe, akawaambia kwamba yeye akifa wampeleke Unguja, akamsubiri baba yao, kwa kuwa Ganga hayupo. Mimi nilikaa na siri yangu mpaka baridi ilipoingia, usingizi ukanikimbia, mwisho nikamwangukia mapajani nikilia nikamweleza yote. Nilitegemea anipige, au anikumbatie. Alinipapasa nywele kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, wewe ulimfukuza mara moja tu. Mwenye njaa angerudi."

Alifariki nikiwa chuo kikuu, katika miaka ya elfu mbili, na wanawe safari hii walitii. Siku hizi kumbukumbu ya wazazi wao wanaifanya hekaluni: wanaandikisha majina, kuhani wao anasoma, chakula kinagawiwa watu, na kwao mambo yanaishia hapo. Sebule imeingiwa na kabati jipya, na huenda ni jema. Mimi ni Mwislamu, siamini kwamba mtu hurudi na mabawa, na mama yangu aliniapia kuwa yule alikuwa ndege mgonjwa wa mguu, basi. Pengine. Lakini naijua vizuri njaa ya kiumbe aliyeinamisha mdomo, nimeiona. Alitaka kula. Mzee Jayanti alikuwa ametulia katika mto wake, na mkewe yuko katika bahari ya Unguja, anamsubiri mtu asiyekuja.