Shahidi Tumeshamzika

Mimi ndiye niliyekuwa mpishi wa padre, kwa hiyo msinidanganye na ile picha ya kanisani anamoonekana mpole kama kondoo. Mpole wapi! Alikuwa mzungu mkali, mlafi wa maharage, na Kinyiha chake kilitutoa machozi kwa kicheko. Lakini nusu ya wakulima wa Igamba aliwafundisha yeye kupogoa kahawa, na mgonjwa akizidiwa alimpakia garini hata mvua iwe imekula barabara. Nilimpenda, nasema wazi.

Mwaka ule watoto wawili walikufa kijijini. Vijana wakaamua mchawi ni bibi mmoja mjane, eti kwa sababu macho yake ni mekundu. Moshi wa kuni ule, wajinga wakubwa! Padre akamficha stoo, kati ya magunia ya mahindi. Mchana kweupe wakaja na mawe. Akasimama mlangoni, akasema, "Hapa hapiti mtu."

Nilikuwa dirishani jikoni, mwiko mkononi. Jiwe lililompiga kichwani nililiona, na aliyelirusha nilimwona. Alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni. Padre alipoanguka wote wakatimua mbio. Bibi alipona, padre hakupona.

Kwenye mazishi mhubiri alisema tumepata shahidi, mtu aliyeifia imani. Neno likatukaa mdomoni: shahidi wetu, kaburi la shahidi, shahidi utuombee. Kesho yake polisi nao wakaja wanatafuta shahidi. Kila nyumba ikawajibu, "Shahidi tumeshamzika." Askari wakadhani tunawakejeli.

Mama akanipigia magoti, mama yangu mzazi! "Mwanangu, damu ni nzito kuliko maji. Wewe ulikuwa unapika, hukuona kitu."

Nililia mpaka mboga ikaungua. Kisha hasira zikanipanda. Yaani padre afe kwa kusimama mlangoni, mimi nishindwe kusimama kizimbani? Nikaenda polisi kwa miguu yangu mwenyewe, nikaeleza yote. Mdogo wangu akakamatwa, akakana.

Siku ya kesi akina mama wa parokia walijaza mabenchi, rozari mikononi. Karani akaita kwa sauti, "Shahidi!" Jamani! Wote wakainuka, wakapiga ishara ya msalaba, na mmoja akaitikia, "Utuombee." Jaji akavua miwani. Hata mimi nilicheka. Kisha nikapita katikati yao, na wakaona anayeitwa ni mimi.

Wakili wa serikali akaniuliza kama aliyerusha jiwe yumo humu ndani. Mama alikuwa benchi la mbele, amejifunika kanga usoni.

"Yumo," nikasema. "Ni yule mwenye shati la bluu. Nimelifua mimi jana, nikampelekea mahabusu, asije akasimama mbele za watu akiwa mchafu."