Yeye Alicheza Mpira, Mimi Niliusomea: Nimharibie?

Ndugu wa ukurasa huu, jina langu lifichwe kabisa, kwa kuwa ofisini kwetu wote tunawasoma. Nina miaka ishirini na saba, mhitimu wa uandishi wa habari na mtangazaji wa michezo katika redio moja hapa Iringa. Sijawahi kucheza mpira wa ushindani, wala sioni aibu kulisema. Mkunga halazimiki kuwa amezaa.

Msimu huu tuliletewa mwenzetu, nitamwita Sanga, beki wa zamani aliyestaafu mapema kwa kuumia. Habari ya mistari mitano inamtoa jasho. Lakini mechi ikiisha, mlango wa chumba cha wachezaji humfungukia yeye, nami hubaki nje na kinasa sauti changu pamoja na mashabiki. Siku moja mchezaji aliniuliza mbele ya watu, "Msomi, wewe ulicheza namba ngapi?" Mwenzake akadakia, "Huyu ana namba ya mtihani tu!" Wakacheka. Sanga naye akacheka, na kicheko chake ndicho kilichoniuma.

Nimewachunguza watu wa aina yake. Ni watulivu, husamehe kosa la uwanjani kwa sababu waliwahi kulifanya. Sisi tuliotoka vitabuni ni wakali, wadadisi, hatumwonei mtu haya. Naamini msikilizaji anatuhitaji sisi zaidi. Hata hivyo anayesimamishwa njiani kusalimiwa ni yeye, na mama yangu mzazi hunipigia simu kuuliza, "Mwanangu, leo yule beki hatangazi?"

Jumapili, tukitoka kwenye mechi Mbeya, tulisimama Chimala kula wali. Sanga akaniinamia.

"Kaka, mshambuliaji wetu goti limekwisha. Anachomwa sindano ya ganzi ndipo anacheza. Jumamosi timu kubwa inakuja kumtazama, kaniomba nisiseme. Hii ni ya kwetu, usiitoe."

Ya kwetu! Kwa mara ya kwanza alizungumza nami kama mchezaji mwenzake. Nilifurahi, kisha nikaichukia furaha ile.

Mkuu wetu wa michezo atamchagua mmoja wetu kutangaza ligi msimu ujao, na anasema anataka mtu wa habari. Nikiitoa hii, kiti ni changu, na Sanga ataulizwa kwa nini aliijua akaificha. Wachezaji nao hawatamfungulia mlango tena, maana nje ya timu siri alikuwa nayo yeye peke yake. Kijana atakosa usajili. Nikinyamaza, huenda akakosa mguu, na kiti kikaenda kwa mtu aliyenyamaza kwanza.

Kwa hoja, nina haki ya kuitangaza. Ila najiuliza: kama siri hii ingetoka kwa mtu mwingine, si Sanga, je, ningekuwa na haraka hivi?

Jumamosi inakaribia. Niseme au ninyamaze? Nipeni ushauri, ila msiniambie niusikilize moyo wangu, kwani habari hiyo moyo wangu umeshaiandika tangu tulipokuwa Chimala.