Mbawakawa wa Mkoa wa Manyara

Harufu ya gogo lililolowa hunirudisha kijijini kwetu Tlawi mpaka leo. Napita tu karibu na kuni zilizonyeshewa, na papo hapo nauona ule uyoga mgumu, usioliwa, uliokuwa ukiota kwenye magogo msituni juu ya shamba letu. Ukiuvunja unatoa unga wa kahawia, na ndani ya vitundu vyake wamo mbawakawa wadogo kama punje za ulezi. Ukitazama kwa makini, madume wana pembe mbili kichwani. Wenzangu walicheza na wanasesere wa matambara. Mimi nilifuga hao, kwenye kopo la maziwa ya unga, na msinicheke.

Siku moja akaja mtafiti kutoka chuoni Dar es Salaam, kijana mpole mwenye miwani, akitafuta wadudu wa uyoga. Baba akamwambia kwa fahari kwamba binti yake ana kopo zima. Mtafiti akachungulia kwa kioo cha kukuzia, akasema anadhani mbawakawa huyu hajawahi kuandikwa popote duniani. Kichwa kilinivimba! Nilikuwa tayari kumpa kopo lote, mpaka alipotoa lebo zake.

Zilikuwa vikaratasi vidogo kuliko ukucha, vimeshachapwa: Tanzania, Mkoa wa Arusha. Mnaokumbuka miaka ile mtanielewa. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa umemegwa kutoka Arusha juzijuzi tu, na mwalimu wetu, mama mkali aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, alikuwa ametufutisha Arusha kwenye majalada ya madaftari yote. Nikalikumbatia kopo.

"Shikamoo, mwalimu," nikamwambia mtafiti. Nilishamwamkia asubuhi, lakini sikujua njia nyingine ya kuanza ugomvi na mtu mzima. "Hapa siyo Arusha. Hapa ni Manyara, Mbulu, Tlawi."

"Marahaba. Ni kweli, mdogo wangu, ila lebo zilichapwa zamani. Na huko nje watu wanaijua Arusha."

"Basi wadudu watafutwe hukohuko Arusha."

Baba akawaka. "Paulina! Mpe mgeni kopo! Mdudu wa uyoga ana mkoa gani?"

Sikulitoa. Hasira ilinizidi. Mbawakawa wangu walikuwa wanakwenda kufia kwenye spiriti na kuchomwa pini; angalau kwao kujulikane. Mtafiti akanitazama, akacheka, akachomoa kalamu. Akakata Arusha, akaandika nilivyosema, kwa herufi ndogondogo, lebo moja baada ya nyingine. Ndipo nikafungua mikono. Fimbo ya Baba niliipata vilevile jioni.

Wakati ule nilidhani nimepigania mkoa. Baadaye sana, mbawakawa wetu alipothibitishwa kuwa aina mpya na kupewa jina, nikaelewa kwamba yule mmoja aliyetumika kuielezea aina yake hutunzwa daima kabatini kule chuoni, na kikaratasi chake ndicho kinachosema alikotoka.

Msitu wetu umekwisha. Viazi vimepandwa mpaka juu kileleni, na vijana wa leo hunikatalia machoni kwamba pale hapakuwahi kuwa na mti. Sibishani nao. Nawaambia waende Dar es Salaam wakasome kikaratasi cha mbawakawa wa magogoni.